Kibanda cha Ishara: Hoja Kuhusu Ziara za Mafunzo

Kila mwaka, wanachuo wanaporejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huketi kuzisoma taarifa zao. Jambo moja hujitokeza karibu katika kila taarifa. Ziara ya mafunzo hutajwa kwa nadra, na inapotajwa huwa ni safari ya basi, ya mbali na ya fedha nyingi. Watoto wenye wazazi waliolipa hupanda basi wakaenda kutazama wanyama, nao wasiolipiwa hubaki nyumbani siku hiyo. Wakirudi, huandika insha ya mistari mitano: tuliondoka, tulifika, tuliona, tulifurahi, tulirudi.

Katika makala haya tunakusudia kutoa hoja kwamba ziara ya namna hiyo si mbinu ya kufundishia, bali ni tafrija iliyovikwa joho la elimu. Ziara ya kweli ni somo. Kama lilivyo somo lolote, ina madhumuni, ina maandalizi, ina kazi ya mwanafunzi na ina tathmini. Aidha, si lazima iwe ya mbali. Mahali pa kazi palipo jirani na shule, hata kama pamechakaa na kuachwa, pana mafunzo mengi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tutaonyesha hayo kwa kueleza ziara mbili tulizozifanya katika kibanda cha ishara cha zamani na kiwanja cha reli kilichokizunguka. Ziara ya kwanza tuliiharibu wenyewe, na ndiyo iliyotufundisha zaidi. Kwa hiyo hatutaificha.

Mahali Penyewe

Stesheni tunayoizungumzia ipo katika Reli ya Tanga, kati ya mashamba ya mkonge, mwendo wa kilometa mbili hivi kutoka katika shule ambako wanachuo wetu walikuwa wakifanya mazoezi. Ujenzi wa reli hii ulianza Tanga mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Arusha ilifikiwa mwaka 1929, wakati wa Waingereza. Mwaka 1963 kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi kiliiunganisha na Reli ya Kati, ndipo behewa lilipoweza kutoka Dar es Salaam hadi Moshi bila kuondoka katika ardhi yetu.

Kibanda chenyewe ni chumba kilichoinuliwa juu ya kuta za matofali, chenye madirisha pande tatu ili mtumishi aione njia yote. Ndani mmebaki nyenzo tisa za chuma, zimesimama kwa safu. Baadhi bado zina mabaki ya rangi nyekundu, na nyingine nyeusi. Katika desturi ya reli iliyotoka Uingereza, wenzo mwekundu ulikuwa wa ishara ya kusimamisha garimoshi, na mweusi ulikuwa wa kuhamisha njia. Chini ya sakafu mna vyuma vilivyoshikana kwa kutu. Nje kuna kiwanja kipana chenye njia za pembeni ambamo mabehewa yalipangwa na kupakiwa marobota ya mkonge. Njia tatu kati ya hizo zimekatwa zisiungane tena na njia kuu. Majani yameota kati ya mataruma, na ghala limebaki kuta.

Ieleweke kwamba tunasema kiwanja ndicho kilichoachwa. Njia kuu haikuachwa. Tofauti hiyo hatukuizingatia, na kosa letu lilianzia hapo.

Ziara ya Kwanza

Tulikuwa wakufunzi wawili, wanachuo wanane na watoto arubaini na wawili wa darasa la tano. Andalio la somo lilikuwa safi. Madhumuni yaliandikwa vizuri, zana ziliorodheshwa, na kila mwanachuo alipewa sehemu yake ya kueleza. Mmoja alieleza historia ya reli, wa pili akaeleza mkonge, wa tatu akaeleza ishara, na kuendelea. Watoto walisimama juani muda wa saa nzima wakisikiliza. Yaani tulilichukua darasa, pamoja na ubaya wake wote, tukalipeleka nje penye jua.

Mtoto aliyechoka hujitafutia somo lake mwenyewe. Saba kati yao walijitenga taratibu, wakaenda kushindana kutembea juu ya chuma cha reli bila kuanguka. Chuma hicho kilikuwa cha njia kuu. Mwanachuo aliyekuwa karibu nao aliwaona, akawaacha, kwa kuwa aliamini kama tulivyoamini sisi sote kwamba reli ile ilikuwa imekufa. Kwa miaka mingi watu wa upande ule walikuwa wamezoea kuiona imelala. Lakini mwaka 2019 garimoshi la mizigo, na baadaye la abiria, lilirudi kwenda Moshi, na mwaka 2020 likafika tena Arusha. Habari hizo tulizisikia redioni kama watu wengine. Hatukuzihusisha na andalio letu la somo.

Kando ya ghala alikuwa ameketi mzee mmoja, mtumishi wa reli aliyestaafu, ambaye tulimsalimu tulipofika, tukampita. Ghafla alisimama na kupiga ukelele, "Watoeni watoto njiani!" Watoto waliruka pembeni. Muda mfupi baadaye tulisikia honi, na injini ikatokea kwenye kona ikivuta mabehewa ya mizigo.

Hakuna aliyeumia. Hata hivyo, jioni ile tulipiga hesabu ambayo tunaomba kila mwanachuo aipige. Garimoshi liendalo kilometa 36 kwa saa hukata mita 10 kila sekunde. Kutoka kwenye kona ile hadi pale watoto walipokuwa ni kama mita 300, yaani sekunde 30. Injini yenye mabehewa mazito haiwezi kusimama ghafla kama baiskeli. Kama mzee yule asingekuwapo, au kama angekuwa amesinzia, usalama wa watoto saba ungetegemea wao wenyewe kugeuza shingo katika nusu dakika hiyo.

Mwanachuo yule alilia. Tulimwambia, na hapa tunarudia, kwamba lawama haikuwa yake kwanza. Sisi wakufunzi ndio tuliotia sahihi andalio lile. Lilikuwa na kila kitu isipokuwa swali moja: je, njia ni wazi, na nani amethibitisha? Stesheni ya jirani ilikuwa na mkuu wake. Hatukumwendea kumwomba ruhusa, wala kumwuliza garimoshi hupita saa ngapi.

Tulipokwenda kumshukuru mzee, hakutukaripia. Alisema tu, "Mwalimu, kwenye reli hakuna neno 'nadhani'."

Kazi ya Kibanda

Neno hilo la mzee ndiyo maana yote ya kibanda cha ishara. Kilijengwa kwa sababu binadamu husahau, hudhani na huharakisha. Wanachuo wengi huona nyenzo zile wakafikiri ni mashine za kuendeshea garimoshi. Sivyo. Ni mashine za kumzuia mtu asikosee.

Katika miaka ya mwanzo ya reli huko Uingereza, mtumishi aliweza kuifungua njia upande mmoja na papo hapo akatoa ishara ya kupita kwa garimoshi la upande mwingine. Mwaka 1856 John Saxby alipata hataza ya mtambo wa kuzifunga pamoja nyenzo za njia na za ishara. Kanuni iliyokuja kuenea ni hii: vyuma vilivyo chini ya sakafu hupangwa hivi kwamba wenzo wa ishara hauvutiki mpaka wenzo wa njia uwe umekwisha kuwekwa mahali pake, na ishara mbili zinazopingana haziwezi kutolewa kwa pamoja. Mtumishi akikosea, chuma humkatalia.

Jambo la pili ni mkono wa ishara wenyewe. Ukiwa mlalo, maana yake ni simama. Huvutwa kwa waya kutoka kibandani ili uhame kutoka mlalo, ndipo dereva apite. Mafundi waliuwekea uzito kwa namna ambayo waya ukikatika, mkono hurudi wenyewe kwenye mlalo. Hivyo, mambo yanapoharibika, jibu la kwanza ni simama. Tungependa kila mwalimu aitafakari kanuni hiyo kabla ya kuwatoa watoto nje ya lango la shule. Pasipo uhakika, watoto wasiende. Tusianze safari kwa matumaini kwamba mambo yatajipa njiani.

Lakini hata chuma hakitoshi pale mtu anapouacha utaratibu. Tarehe 22 Mei 1915, huko Quintinshill, karibu na Gretna nchini Uskoti, mtumishi wa zamu ya asubuhi alifika kazini akiwa amechelewa, na alifika kwa garimoshi dogo la abiria. Garimoshi hilo lilihamishiwa kwenye njia ya upande wa pili, likasimama karibu na kibanda. Kwa kuwa alizoea kuchelewa, mwenzake wa zamu ya usiku alikuwa akiandika kumbukumbu kwenye karatasi, ili yeye akifika azinakili katika daftari kwa mwandiko wake na isijulikane kwamba alichelewa. Ilikuwapo pete maalumu ya kuvishwa kwenye wenzo ili kumkumbusha mtumishi kwamba njia ina garimoshi. Pete haikuvishwa. Akiwa katika kunakili, mtumishi yule alilisahau garimoshi alilolipanda yeye mwenyewe, akatoa ishara ya kupita kwa garimoshi la askari. Magarimoshi yaligongana, na muda mfupi baadaye la tatu, lililotoka London, likayagonga mabaki. Moto ukazuka. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi wao askari waliokuwa safarini kwenda vitani. Watumishi wote wawili walifungwa.

Hatusimulii habari hizi ili kutisha. Tunazisimulia kwa sababu ya karatasi ile. Ndugu wanachuo, ni wangapi kati yetu wameandika maandalio ya somo ya juma zima siku ya Ijumaa, mkaguzi alipotangazwa kwamba anakuja? Ni wangapi wameita mahudhurio asubuhi kwa kutupa jicho, wakajaza daftari mchana? Daftari lililojazwa kwa kunakili huonekana sawa kabisa na daftari la kweli, mpaka siku litakapohitajika. Katika ziara yetu ya kwanza hatukuwahesabu watoto tulipofika kiwanjani. Tuliwahesabu wakati wa kuondoka shuleni, na tena baada ya garimoshi kupita.

Ziara ya Pili

Wapo wenzetu walioshauri kwamba baada ya tukio lile ziara zote zifutwe. Hatukukubaliana nao. Mwalimu anayefuta ziara kwa hofu anafanana na mpishi aliyeungua kidole akaamua watu wale vyakula vibichi. Tulirudi baada ya majuma matatu, na tulirudi kwa njia nyingine.

Kwanza, wakufunzi na wanachuo tulikwenda peke yetu, bila watoto. Tulipata ruhusa kwa maandishi, tukaelezwa siku na saa zinazofaa, na mtumishi mmoja wa reli akakubali kuwapo. Tulitembea kila sehemu tukiandika mambo matatu: kitu kinachoweza kumdhuru mtoto, kitu anachoweza kukigundua mwenyewe, na kitu ambacho hatakielewa asipoelezwa. Tulichora ramani. Mpaka tuliupiga kwa kamba na chokaa katika njia zile tatu zilizokatwa, mbali na njia kuu. Ngazi ya kibanda ilikaguliwa, na tukakubaliana wapande watoto sita tu kwa wakati mmoja.

Pili, watoto waligawanywa katika makundi saba ya watoto sita sita. Kila mwanachuo alipewa kundi lake, na wa nane akapewa kazi moja tu ya kushika daftari na kuhesabu watoto kila baada ya robo saa. Tatu, hatukuandaa hotuba. Tuliandaa maswali, na kila swali lilidai jibu la kupima, kuhesabu, kuchora au kumwuliza mtu.

Nne, safari hii hatukumpita mzee. Tulimwendea siku mbili kabla, tukamwomba awe mwalimu wetu. Watoto walipofika walimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu. Leo mmekuja kazini, siyo kucheza." Tangu hapo hakuna mtoto aliyeivuka kamba.

Masomo Yaliyopatikana

Tutataja machache ili wanachuo waone jinsi mahali pamoja panavyoweza kulisha masomo mengi.

Katika hisabati, kundi moja lilipima upana wa njia kati ya chuma na chuma, likapata mita 1. Walipoambiwa kwamba reli mpya inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ina upana wa milimita 1,435, walitoa hesabu ya tofauti wao wenyewe. Kisha waliuliza kama behewa la reli hii linaweza kupita katika ile. Jibu lilikuwa mbele ya macho yao katika rula.

Katika sayansi, kundi jingine lilipima wenzo. Sehemu ya juu ya egemeo ilikuwa sentimeta 120, na ya chini 30. Kwa hiyo mkono wa mtumishi ulisafiri mara nne ya umbali uliosogea waya, na nguvu yake ikaongezeka kwa kiasi hicho hicho, ukiacha ile inayopotea kwa msuguano. Nyenzo ambazo watoto wamezichora kwa miaka mingi katika madaftari kama fimbo na jiwe, hapa walizishika.

Vilevile waliuliza kwa nini waya wa ishara uliwekewa chombo cha kuukaza na kuulegeza. Chuma cha pua cha urefu wa mita 100 hurefuka kama milimita 1.2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Waya wa mita 600 hurefuka milimita 7.2. Joto likipanda nyuzi 15 kutoka alfajiri hadi adhuhuri, urefu unaoongezeka ni milimita 108, karibu upana wa kiganja cha mtu mzima. Mzee aliwaambia kwamba mtumishi asiyeukaza waya mchana alivuta wenzo na mkono wa ishara usifike pale ulipotakiwa. Hapo mtoto mmoja akazitazama nafasi ndogo zilizoachwa katika maungio ya reli, akasema, "Kumbe na hizi ni za jua." Hakuna mwalimu aliyemwambia. Reli ya mita 12, joto likipanda nyuzi 20, hurefuka karibu milimita 3.

Katika historia, kundi la tatu lilisugua kutu ubavuni mwa reli likasoma jina la kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Walitoa mwaka huo kutoka mwaka wa sasa, wakaenda kumwuliza mzee kama alikuwa amezaliwa. Wanachuo waliotaka kuendelea waliwaeleza jinsi askari wa Wajerumani walivyoletwa kwa reli hii kutoka Moshi mwezi Novemba 1914, na Waingereza waliotua Tanga kwa meli wakashindwa. Historia iliyokuwa vita vya watu wa mbali iligeuka kuwa jambo lililopita juu ya chuma walichokigusa.

Swali Ambalo Hatukuliandaa

Mwishoni msichana mmoja aliuliza, "Babu, kama mlikuwa na mashine zenye akili hivi, kwa nini kiwanja kilikufa?"

Mzee alinyamaza kidogo, akaanza na mkonge. Nasi tulimsaidia kadiri tulivyojua. Mkonge uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, mwaka ule ule ilipoanza reli. Miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu, na katika hiyo ikatoka mimea iliyoujaza mkoa. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Baadaye kamba za nyuzi za viwandani zilienea duniani, bei ikaanguka, mashamba mengi yakageuka mapori, na uzalishaji ukashuka hadi sehemu ndogo ya kiasi kile. Malori nayo yalichukua mizigo iliyobaki. Shirika la reli lililokuwa la nchi tatu tangu mwaka 1948 lilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na injini na mzigo wake.

Mzee aliongeza jambo moja ambalo hatungeweza kulisema sisi. Alisema magarimoshi yalipopungua yeye aliendelea kupaka nyenzo mafuta kila Jumatatu, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Alistaafu akiwa na kopo la mafuta mkononi. Watoto walinyamaza. Baadaye, katika insha, wengi hawakuandika habari za injini wala mkonge. Waliandika habari za kopo lile. Insha fupi kuliko zote ilikuwa ya nusu ukurasa, nasi tulipozisahihisha hatukukuta hata moja yenye neno "tulifurahi".

Majibu kwa Wanaopinga

Wapo wasemao kwamba muda wa muhtasari hautoshi. Twawajibu kwamba asubuhi ile moja ilifundisha vipimo, nyenzo, utanukaji wa joto, historia na uandishi wa insha. Kwa vipindi vya kawaida masomo hayo yangechukua zaidi ya juma, na tungelazimika kuyarudia.

Wengine husema kwamba reli ni kumbukumbu ya ukoloni, haina haja ya kutukuzwa. Ni kweli kwamba ilijengwa ili kubeba mali kwenda pwani, na waliobeba mataruma hawakushauriwa. Mtoto na afundishwe hayo bila kificho. Lakini waliovuta nyenzo zile kwa miaka mingi ni babu zetu, na ujuzi wao ni wetu. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitahadharisha juu ya shule inayomtenga mtoto na jamii yake, na inayomfanya aamini kwamba maarifa yamo vitabuni na kwa waliosoma tu. Mzee yule hakupata elimu ya sekondari. Katika uwanja ule sisi wenye stashahada tulikuwa wanafunzi wake.

Tena wapo watakaosema, "Shule yangu haina reli jirani." Basi ina kinu cha pamba, au josho la ng'ombe, au daraja, au kiwanda cha kukamua alizeti, au gati la mashua, au mfereji wa kumwagilia. Kila mahali pa kazi pana kipimo, pana nguvu, pana historia, na pana mtu mmoja ajuaye mambo ambayo hayamo kitabuni. Kazi ya mwalimu ni kumtafuta mtu huyo kabla ya siku ya ziara.

Zana ya Kutengeneza Darasani

Kwa wanachuo watakaofundisha mbali na reli, tunapendekeza zana hii isiyo na gharama. Chukua vipande viwili vya boksi gumu, kila kimoja urefu wa sentimeta 30 na upana wa sentimeta 4. Kimoja kiite "njia" na cha pili "ishara". Viweke juu ya ubao vikipishana mfano wa herufi T, ncha ya "ishara" ikigusa ubavu wa "njia". Pigilia misumari pembeni ili kila kipande kiteleze kwa urefu wake tu. Kisha kata pengo katika ubavu wa "njia", upana wake uzidi kidogo sentimeta 4, mahali ambapo litaielekea ncha ya "ishara" pale tu "njia" itakapokuwa imesukumwa hadi mwisho. Mtoto akijaribu kusukuma "ishara" kabla ya "njia", itagonga. Akisukuma "njia" kwanza, "ishara" itaingia, na ikishaingia "njia" haitarudi mpaka "ishara" irudishwe.

Usimweleze mtoto. Mpe, mwache ajaribu, kisha umwombe aandike sharti la mtambo kwa sentensi moja yenye neno "mpaka".

Hitimisho

Tunawashauri wanachuo mambo manne. Ziara iwe ya karibu, ili kila mtoto aende kwa miguu yake na asibaki hata mmoja kwa kukosa nauli. Mwalimu atangulie kwenda bila watoto, apate ruhusa, aulize na athibitishe. Watoto wapewe kazi ya kufanya badala ya hotuba ya kusikiliza. Na daftari, la mahudhurio na la somo, lijazwe saa ile ile na mahali pale pale.

Katika chuo chetu fomu ya andalio la ziara sasa ina mstari mmoja ulioongezwa juu kabisa, kabla ya madhumuni. Unauliza: "Nani amethibitisha kwamba mahali ni salama, kwa njia gani, na saa ngapi?" Mwanachuo akiandika "Nadhani," fomu hurudishwa.